Fimbo ya Enzi ya Babu Yake Jumbe

Paukwa!
Pakawa!
Hiyo sauti ya watu, au ya kuku wenye mafua? Paukwa!
Pakawa!

Haya. Hapo kale, wakubwa walipokuwa na akili nyingi kama hawa wa leo, alikuwako mjane, Mwanashehe. Hana kitu ila kishamba kando ya magofu. Alime mhogo, ale mhogo.

Siku hiyo analima, ti! ti! ti! Jembe likalia, ng'we! Donge la kutu likachomoza. Kabla hajaliinamia, Jumbe Mbaraka, aliyekuwa akipita, kalinyakua. Kalipangusa. Chuma kirefu, kichwa duara, kina meno.

"Fimbo ya enzi!" akapiga kelele. "Ya babu yangu! Basi magofu haya ni jumba lake, na shamba ni ua wake. Mwanashehe, Ijumaa uwe umehama."

Chuma kikalazwa barazani kwa Jumbe, juu ya mto mwekundu. Wanaume wakaja, wakatikisa vichwa, mmh! mmh! utadhani vina kitu ndani. Wanawake wakakatazwa, wasije wakakitia nuksi.

Mwanashehe akamkimbilia Bi Mwanamvua, mkongwe wa kijiji, akamweleza yote huku analia, hata meno ya kile chuma.

"Machozi hayaoteshi mhogo, mwanangu. Chukua nazi na kigoda, twende."

Jumbe akawazuia. "Wanawake hapana!"

"Mimi, Jumbe? Nilishasahau kama niliwahi kuwa mwanamke. Na macho sina. Nipapase tu."

Akapapasa. Kidole kikapita menoni, kwaru.

"Babu yako alikuwa akikishika hiki?"

"Kila siku! Asubuhi na jioni!"

"Amekaa, au amesimama?"

"Mfalme husimama? Amekaa!"

"Apa."

Akaapa, watu wote wanasikia.

Bi Mwanamvua akakipachika chuma kwenye ufa wa kigoda. Akakaa. Nazi mkononi. Kwaru! kwaru! kwaru! Nazi nyeupe juu ya mto mwekundu.

"Mbuzi ya kukunia nazi!" wanawake wakapasuka vicheko huko nje.

"Basi mpeni Jumbe shamba lake," akasema bibi. "Nasi tutamsifu babu yake, mfalme aliyekuna nazi asubuhi na jioni, asimwachie mkewe hata siku moja."

"Babu yangu? Akune nazi?" Jumbe akatoka jasho. "Hicho si chake! Shamba si letu! Ukoo wetu haujakanyaga pale!"

"Apa."

Akaapa, upesi kuliko mara ya kwanza.

Mwanashehe akarudi shambani, akalima mpaka Ijumaa, na Ijumaa nyingine, na nyingine.

Ukitaka kukijua kitu, muulize aliyekitumia, si aliyekitamani.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye babu mfalme na asimame, tumwone.