Nyumba Aliyochimbiwa Mama Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, Mhanga alikuwa fundi wa kuchimba nyumba za chini ya ardhi. Kucha zake kali, kwaru, kwaru, kwaru! Nungunungu alikuwa mshirika wake, kazi yake kutafuta wateja. Wanyama waliwaamini. Walihamia bila kukagua.

Siku moja akaja Mama Ngiri na wanawe. Mvua zilikuwa karibu.

"Fundi, nichimbie nyumba. Nitakuonyesha kichuguu kilichojaa mchwa."

Mchwa! Mhanga akameza mate. Akachimba, akachimba. Huko ndani akagusa paa. Mchanga ukamwagika, chururu!

"Paa ni mchanga mtupu," akamwambia Nungunungu. "Tuanze upya kwingine."

"Na mawingu haya? Kandika udongo juu. Nani ataona?"

Mhanga akachota udongo. Akakandika.

Mama Ngiri akaja. "Fundi, paa ni imara?"

Mhanga akatazama kucha zake. "Imara, mama."

Akala mchwa wake. Siku ile hakuusikia utamu.

Mvua ikanyesha, ikanyesha. Paa likaporomoka, gubu! Mama Ngiri alikuwa nje akila majani. Wanawe walikuwa ndani.

"Wanangu! Wanangu jamani!"

Mhanga akasikia, akaja mbio. Kwaru, kwaru, kwaru! Akamtoa mmoja. Akamtoa mwingine. Wa mwisho alikuwa kimya, mchanga umemjaa puani. Mama akampuliza, fuu! Akampuliza tena, fuu! Mtoto akakohoa.

Nungunungu naye akafika, akasema, "Ni mvua tu, mama. Pole sana."

"Si mvua," akasema Mhanga. "Mimi nilijua."

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

Mama Ngiri hakumtukana. Hilo ndilo lililomuuma Mhanga. Akachimba nyumba nyingine kwenye udongo mgumu, bila ujira. Nyumba nzuri, paa kama jiwe.

Mama Ngiri akashukuru. Kisha akageuka, akaanza kuingia kinyumenyume, macho yakitazama nje.

"Mama, mbona hivyo? Hii ni imara kweli."

"Hata ile uliniambia hivyo, fundi."

Hadi leo Ngiri huingia shimoni kinyumenyume, tayari kukimbia.

Basi, wakubwa kwa wadogo, mwambie mteja ukweli kabla hajalala ndani ya kazi yako. Kazi mbovu unaweza kuirudia. Kuaminiwa tena, hilo haliko mikononi mwako.

Ngano yangu imefika hapo, nami nanyamaza.