Wikio Juu ya Njia ya Makasri

Katika mji wa Zahrani alitawala Sultani Shahabu bin Munawar, na mji ule ulisifika kwa njia moja pana, iliyonyooka kutoka lango la ikulu mpaka msikiti wa Ijumaa, na kandokando yake yalisimama makasri ya matajiri, yenye nakshi za chokaa na milango ya msaji na madirisha ya vioo vya rangi. Lakini juu ya njia ile hapakuwa na kitu ila mbingu. Kwa maana Sultani alipokuwa kijana alimwona baba yake akiuawa na watu waliomrukia kutoka kwenye wikio, yaani lile daraja la ghorofani lililounganisha nyumba mbili juu ya kichochoro, ili wanawake watembeleane bila kushuka njiani. Alipokalia kiti cha enzi alibomoa nyumba na mawikio yote ya mtaa ule, akaifungua njia, akawapa matajiri viwanja vya kujenga, na akaapa kwamba mguu wowote utakaopita juu ya kichwa chake, mwenye mguu huo atakufa. Na siku ya msafara wake hakuna kiumbe aliyeruhusiwa kuikanyaga njia. Watu walisema ni kiburi. Ilikuwa hofu, na hofu ya mwenye enzi hufanana sana na kiburi.

Katika kasri lililopendeza kuliko yote aliishi Bi Ruzuna binti Sefu, mjane, na katika kasri la pili, ng'ambo ya njia, aliolewa binti yake wa pekee, Mwana Jauhari. Binti alikuwa na mimba ya kwanza, na desturi ni kwamba mimba ya kwanza huzaliwa mikononi mwa mama. Alikuwa arudi kwao mwezi ukiandama, lakini uchungu ulimjia kabla ya wakati, asubuhi ya msafara wa Sultani.

Mtumishi wa binti, Tufaha, alitoa kichwa dirishani akamwita mama mtu ng'ambo ya njia: "Bibi! Mtoto ametanguliza miguu! Na mkunga amezuiwa na askari kule langoni!"

"Mwambie asisukume!" akajibu Bi Ruzuna kutoka dirisha lake.

"Mimi namwambia, bibi, lakini uchungu ndio hausikii!"

Bi Ruzuna, ambaye mikono yake iliwahi kuwageuza watoto wawili wa dada zake na wote wakaishi, alishuka mbio mpaka mlangoni. Askari wakamzuia kwa mikuki. Mmoja wao akamwambia kwa sauti ya chini, "Rudi ndani, mama. Ukikanyaga hapa, sisi ndio tutakaokukata, na wallahi hatupendi."

Akarudi juu, akatia makaa katika chetezo, akaweka udi, na akamwita Dahmani, jini aliyekaa katika wikio la nyumba ya bibi zake zamani. Moshi ukasimama kama mtu, na ndani yake akatokea mzee aliyejaa vumbi la chokaa.

"Leo ndiyo mnanikumbuka," alisema jini. "Mlipobomoa nyumba yangu hamkunipigia hata hodi."

"Waliobomoa ni watu wa Sultani."

"Na nyinyi?"

"Sisi tulipewa viwanja, tukanyamaza."

Jini akasema, "Unajibu vizuri. Basi nitakujengea wikio. Lakini mimi si muumba, Muumba ni Mmoja, na jiwe nitalitoa palipo na jiwe. Kasri lako lote litakwenda humo, na hutabaki hata na kizingiti. Na kichwa chako je?"

"Kichwa anacho Sultani. Mawe chukua."

Na mara mawe ya kasri yakaanza kunyanyuka, na nakshi zikabanduka kutani kama maganda, na wikio likatanda juu ya njia hatua kwa hatua, na Bi Ruzuna akatembea juu yake huku vyumba vikimwishia nyuma. Alipofika katikati, ngoma za msafara zikanyamaza. Kivuli kilikuwa kimemwangukia Sultani.

Sultani akatazama juu, na uso wake ukawa kama wa yule kijana wa zamani. Akauliza, "Nani yuko juu yangu?"

"Ruzuna binti Sefu, maulana. Mwanangu anajifungua, na mtoto ametanguliza miguu. Kichwa changu ni chako, lakini mikono niazime mpaka nimalize."

Waziri akasema, "Maulana, kiapo ni kiapo."

"Nimemsikia," akajibu Sultani. "Naye amesema kichwa ni changu akimaliza. Shusheni kiti changu."

Basi akaketi chini ya wikio, na askari wakaweka mikuki chini wakajisogeza kivulini, kwa kuwa jua lilikuwa kali na kivuli kilikuwa hapo tu, na jeshi zima likasikiliza kilio cha mwanamke mmoja. Jua lilipopinduka, kikasikika kilio kingine, chembamba, na askari mmoja akasahau adabu akasema, "Alhamdulillahi!"

Bi Ruzuna akashuka kwa mlango wa mkwewe, mikono ingali na damu, akapiga magoti.

Sultani akatazama pale palipokuwa na kasri, akaona uwanja mtupu. "Nyumba yako iko wapi, Bi Ruzuna?"

"Umekaa chini yake tangu asubuhi, maulana."

Sultani akainua macho kwenye mawe ya wikio. Kisha akasema, "Niliapa kumwua anipitiaye juu, kwa sababu waliopita juu ya baba yangu walikuja kuchukua roho. Sikuapa kumwua aliyepita juu kwenda kuleta roho. Nitatoa kafara ya kuvunja kiapo changu. Inuka ukanawe."

Akamlipa Bi Ruzuna thamani ya kasri lake kutoka hazina, naye hakujenga tena, bali aliishi kwa binti yake na kulea wajukuu watano, na Dahmani akakaa katika wikio lake na kufukiziwa udi kila Alhamisi. Na Sultani aliendelea kupita njia ile mpaka uzee wake, na kila alipokaribia wikio alishika mkono wa aliyekuwa karibu naye, awe waziri au mchunga farasi, na hakuna aliyemcheka. Basi aliyesikia na azingatie: hofu ya mtu haiondoki kwa kubomoa nyumba za wenzake, ila hupungua akipata wa kumshika mkono. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.