Nyayo za Kuku Sebuleni kwa Nakunda

Mtunza polishi hupoteza sakafu. Mmeusikia msemo huo leo sokoni, mkacheka, kisha mkauliza ulitoka wapi. Ulitoka huku kwetu, chini ya milima ya Upare, na ulianza siku ambayo Sifaeli hakurudi nyumbani.

Sifaeli alikuwa fundi mwashi. Nyumba yao aliijenga mwenyewe, na sakafu yake nyekundu ya saruji akailaza kwa mkono wake. Kila Jumamosi aliipaka polishi, watu wakimcheka kwamba kafanywa mke. Kila Desemba, kabla ya wageni wa Krismasi, aliibandua polishi yote ya mwaka mzima na kuanza upya.

Jumamosi ile alipaka sebule akirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Akamwambia mkewe, Nakunda, "Mtu asikanyage mpaka ikauke." Akaenda kazini. Adhuhuri jukwaa la ujenzi likavunjika naye akiwa juu, na polishi ikiwa haijakauka vizuri, waombolezaji wakaanza kuingia.

Msiba ulipoisha, Nakunda alipiga magoti akapaka juu ya alama za miguu ya watu. Jumamosi iliyofuata akapaka tena. Desemba ikafika, hakubandua. Aliona kwamba chini kabisa liko tabaka alilopaka Sifaeli asubuhi ile, na akilibandua atakuwa amemwondoa kwa mkono wake mwenyewe. Basi akawa anapaka tu, tabaka juu ya tabaka, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka ili asipate baridi.

Miaka saba ilipita hivyo. Wekundu ukawa weusi wa sufuria ya kuni. Wakati wa jua polishi ililainika ikanasa vumbi na manyoya ya kuku. Wakati wa mvua iliteleza. Jirani mmoja alianguka na sinia la chai, na tangu hapo watu wakawa wanamsalimia Nakunda wakiwa barazani. Jioni aliketi peke yake, akaitazama sakafu, akajaribu kuikumbuka sauti ya Sifaeli. Kila mwaka ilizidi kumpotea.

Ndipo binti yao akapata mchumba, na wakwe wakatuma habari kwamba wanakuja. Namsifu, dada yake Sifaeli, akaja kusaidia usafi. Hatua tatu ndani ya sebule akasimama.

"Wifi, sakafu yako imekula ndala yangu. Niambie mapema kama na mguu inautaka."

"Vua viatu kama watu wengine."

"Watu gani? Si wote wako nje! Wakwe nao tuwatandikie mikeka uani, kana kwamba tunamwoza mbuzi?" Namsifu akainama, akakwangua kwa ukucha. "Kachemshe maji. Hii inatoka leo."

"Haitoki."

"Kwa nini?"

Nakunda akaelekeza kidole sakafuni. "Chini kule ndiko alikopaka kaka yako siku ile. Sina kingine alichokigusa mwisho."

Namsifu akainuka. Kisha akasema polepole, "Kaka yangu alikuwa fundi saruji, wifi. Polishi ilitoka dukani."

Nakunda akatoka. Alikaa uani kitambo, na aliporudi alikuwa amebeba maji ya moto yenye magadi.

Walifungua madirisha, jiko likahamishwa mbali. Walilowanisha sakafu, wakasugua kwa kumbi la nazi, wakakwangua kwa kisu butu, na penye ugumu wakafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Ulitoka weusi, ukafuata ukahawia, kisha wekundu.

"Hapo, wifi, simama," Nakunda akasema. "Hapa niachie mimi."

Akafuta tabaka la mwisho mwenyewe, taratibu, machozi yakimdondokea mikononi. Kitambaa kikawa chekundu. Na chini yake ikatokea saruji, na alama za mwiko wa Sifaeli, upinde kwa upinde kama magamba ya samaki. Karibu na mlango zilikuwapo nyayo nne za kuku.

Nakunda alikuwa amezisahau kabisa. Siku sakafu ilipolazwa, saruji ikiwa bado mbichi, kuku alipita mlangoni, Nakunda akamrushia kiatu. Sifaeli akaangua kicheko mpaka mwiko ukamponyoka. "Mwache! Kaingia kwake kabla yetu." Sasa Nakunda alikisikia kicheko kile kama kiko chumbani.

"Wifi, unacheka au unalia?" Namsifu aliuliza.

"Sijui. Niache kwanza."

Basi ndivyo ilivyokuwa, wanangu. Mtunza polishi hupoteza sakafu. Nakunda bado yuko katika nyumba ile. Kila Desemba sakafu yake hubanduliwa, na pale mlangoni, kwenye nyayo nne, hapakwi polishi.