Mishono Saba ya Fundi Kamanzi

Katika mtaa wa Biryogo, jijini Kigali, hakukuwa na fundi wa nguo aliyejulikana kwa unadhifu kama Kamanzi. Mafundi wenzake kwenye baraza lao la cherehani tano walivaa chochote kilichopatikana, maana mshonaji mara nyingi ndiye wa mwisho kushonewa. Kamanzi hakuwa hivyo. Suruali yake ilipigwa pasi mpaka mkunjo ukasimama wenyewe, na shati lilimkaa mwilini kana kwamba alizaliwa nalo. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, mke mmoja aitwaye Mukarugwiza, binti mmoja, Nuriya, aliyeolewa Gitarama, na sifa ambayo hakutaka iguswe hata na vumbi.

Kiangazi cha mwaka 1991 kilipoanza, mwili wake ulimgeuka. Alishikwa na kiu isiyokatika. Alimaliza birika zima la maji akiwa kazini, na kabla hajapachika mkono mmoja wa gauni, alikuwa ameshakwenda msalani mara mbili. Alijiambia kuwa ni joto. Lakini joto halimkondeshi mtu anayekula sahani mbili za maharage na ndizi, na Kamanzi alikuwa anakonda kama ng'onda.

Miaka ile mtu akikonda mjini Kigali, watu hawakumuuliza anakula nini. Walitazamana tu. Sida, kama ukimwi unavyoitwa huko, ilikuwa imepita mtaani na kubeba watu, na jirani mmoja alipozikwa, waombolezaji waliogopa hata kunywa chai katika nyumba ile. Isitoshe, vita vilivyoanza kaskazini mwaka uliotangulia vilikuwa vimewafundisha watu kufunga midomo. Kila mmoja alikuwa na lake la kuficha, na Kamanzi akaongeza la kwake.

Akafanya jambo ambalo fundi wa nguo peke yake ndiye angeliweza. Kila Ijumaa baada ya swala, wenzake walipokwenda kula, alijifungia katika chumba cha nyuma ya baraza, akavua suruali na kuipunguza kiuno. Wiki iliyofuata aliipunguza tena. Mashati nayo aliyabana ubavuni, kidogo kidogo, asionekane. Mtu mwingine angekonda na nguo zikamsengenya. Za Kamanzi zilinyamaza, kwa sababu bwana wao alizifunga mdomo kwa uzi. Nami nasema bila kuficha kwamba sijapata kusikia ufundi uliotumiwa vibaya kuliko huo.

Nguo zilinyamaza, lakini uso ulikuwa na maneno yake. Mutsinzi, fundi aliyekaa kwenye cherehani ya pili, mtu wa makamo mwenye utani mwingi, alimuuliza mbona amechoka hivyo. Kamanzi akajibu kuwa ni malaria. Ulikuwa uongo mzuri. Malaria ni ugonjwa wa heshima, hauna mwenyewe, na hakuna anayemnong'ona mgonjwa wake.

Tatizo ni kwamba uongo ule ulileta wageni. Kigali mtu akiugua hutembelewa, na anayemtembelea haji mikono mitupu. Huja na fanta, ndivyo wanavyoziita soda zote, za machungwa, za limau na zile nyeusi. Mafundi walichanga wakaleta kreti nzima. Shemeji yake akaleta nyingine. Bibi mmoja wa msikitini akaleta uji wa mtama uliojaa sukari, akasimama pale pale mpaka uishe. Kamanzi, kwa kiu ile, alizinywa chupa moja baada ya nyingine, huku wageni wakifurahi kuona mgonjwa anakunywa vizuri. Kadiri walivyompenda ndivyo alivyozidi kuharibika. Macho yakaanza kuona ukungu, akawa hawezi kutunga uzi kwenye sindano bila kumwomba Mutsinzi.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kamanzi alihamishia godoro katika chumba cha nyuma ya baraza, akisema kazi za sare za shule zimemzidi. Mukarugwiza alianza kuhesabu dalili. Mume anayelala nje, anayetoka kila saa, asiyetaka kuguswa hata bega. Mwanamke gani asingejua maana yake? Alijua, au alidhani anajua. Kwa majuma matatu alimchukia mwanamke ambaye hakuwapo duniani.

Siku moja alipokuwa akifua, aliigeuza suruali ya mumewe ndani nje. Kiunoni aliona mstari wa mishono, na kando yake mstari mwingine, na mwingine tena. Alihesabu mistari saba. Alikaa chini kwenye kigoda, povu likimkauka mikononi. Alikuwa mke wa fundi kwa miaka ishirini na minne, na hakuhitaji kuelezwa suruali inapunguzwa kwa nini. Hasira yote ilimtoka, hofu ikaingia mahali pake.

Alimfuata Kamanzi katika chumba kile, akafunga mlango na kumwekea suruali mapajani.

"Baba Nuriya," alisema, "uko unakwisha na mimi huniambii."

Kamanzi alipitisha kidole juu ya mishono yake.

"Sina malaria," alisema. "Niko na ile ugonjwa watu hawataji jina. Sijui niliipata wapi, wallahi sijui. Nilihama kitanda ili wewe ubaki muzima."

"Nani alikupima?"

"Hakuna."

"Sasa kama hakuna aliyekupima, ni wewe ndiye muganga?"

Mukarugwiza alilia, kwa uchungu na pia kwa aibu ya majuma yale matatu. Kisha akajifuta uso na kumwambia kuwa kesho asubuhi watakwenda zahanati pamoja.

Zahanati ile ndogo ilikuwa na muuguzi mkuu aitwaye Gratien. Hakuwa daktari kamili, ingawa mtaani kila aliyevaa koti jeupe aliitwa muganga. Wagonjwa wengi walimlalamikia. Walisema wanakwenda kutafuta sindano, yeye anawauliza wamekula nini, wanalala vipi, wanakwenda msalani mara ngapi. Wengine walimwona mmbeya. Hata hivyo, waliotibiwa naye walirudi kwao wakiwa wazima, na hilo nalo lilisemwa.

Sasa tazama jinsi aibu ilivyo na mizizi. Kamanzi, aliyekwisha kumweleza mkewe kila kitu, alipoketi mbele ya Gratien alisema anaumwa malaria. Mukarugwiza alitazama sakafu. Katika malezi yake mke hamkatizi mumewe mbele ya watu, na hakutaka kuanza siku ile. Gratien alimpima joto, homa haikuwapo. Alimpapasa tumbo, bandama halikuvimba. Akauliza kuhusu kiu, Kamanzi akasema ni ya kawaida. Akauliza kama amepungua uzito.

"Hapana," alijibu Kamanzi. "Si unaona nguo zinanikaa sawa?"

Gratien alikubali kuwa kweli zinamkaa sawa. Nje, benchi lilikuwa limejaa wanaosubiri. Alichukua kalamu, akaanza kuandika dawa ya malaria.

Mukarugwiza alifungua fundo la kitenge, akaanza kuhesabu pesa za dawa ile. Kamanzi alisikia sarafu zikigongana, akamgeukia, na akaona kwamba mkewe atakuwa mjane kwa sababu ya kipande cha karatasi ambacho yeye mwenyewe ameomba kiandikwe. Hapo akapiga moyo konde. Alisimama, akavua shati, mbavu zikaonekana moja moja. Kisha akaugeuza upande wa ndani wa kiuno cha suruali yake.

"Muganga, weka kalamu chini," alisema. "Hii mishono ni yangu. Iko saba. Nimekudanganya wewe, nimedanganya mtaa muzima. Nakunywa maji kama ng'ombe, nakojoa usiku na mchana, macho yanakufa. Niko na Sida. Sasa nimesema."

Gratien aliiweka kalamu. Hakumkemea. Aliuliza maswali yake yote upya, na safari hii alipata majibu. Halafu akampa kikopo, akamwomba mkojo. Alitia matone machache katika kichupa chembamba chenye dawa ya rangi ya buluu, akakishika juu ya taa ya spiriti. Wote watatu walitazama. Buluu ikageuka kijani, kijani ikawa manjano, na mwishowe kichupa kikawa na rangi ya tofali.

"Mkojo wako uko na sukari nyingi," alisema Gratien. "Huu ni ugonjwa wa sukari. Hauishi, lakini unatunzwa, na mtu anazeeka nao. Ile nyingine unayoogopa tutaipima pia, ili usiendelee kuibeba moyoni. Sasa niambie, umekuwa unakunywa nini?"

Kamanzi akahesabu kreti. Gratien akashika kichwa.

Walipewa barua ya kwenda hospitali kubwa, damu ikapimwa, wakapata vidonge. Baada ya majuma mawili, majibu ya kile kipimo kingine yalikuja: hakuwa na Sida. Mukarugwiza alibeba godoro kichwani mwenyewe, mchana kweupe, akalirudisha nyumbani, na aliyetaka kucheka alicheka. Kila Alhamisi Kamanzi alirudi kwa Gratien kupimwa mkojo na kukaguliwa nyayo, maana kidonda cha mguu kwa mgonjwa wa sukari si jambo dogo. Alifundishwa kula kwa kiasi, mboga nyingi na ndizi chache, chai bila sukari, na kutembea kila jioni. Alinung'unika kuhusu chai. Mengine aliyafuata.

Likabaki jambo moja, na lilimtisha kuliko sindano. Wageni walikuwa bado wanakuja na fanta. Katika nchi ile kukataa kinywaji ulicholetewa ni kumtukana aliyekileta, na kukinywa sasa kulikuwa kujiua. Jumapili mafundi walifika na kreti yao, Mutsinzi akafungua chupa kwa meno kama kawaida yake na kumnyooshea. Kamanzi aliishika. Ingekuwa rahisi kujifanya anakunywa. Aliiweka mezani, polepole.

"Msinikasirikie," alisema. "Sikuwa na malaria. Niko na ugonjwa wa sukari, na hii fanta ndiyo ilikuwa inaniua. Niliwaficha kwa sababu niliogopa macho yenu."

Fundi mmoja alikohoa. Mwingine alianza kusema kwamba hata shangazi yake, halafu akaacha. Mukarugwiza aliingia na birika la chai isiyo na sukari, akawamiminia wote, na wote wakainywa huku wakikunja nyuso.

Wageni walipoaga, Mutsinzi alibaki nyuma. Yule bwana wa utani hakuwa na utani siku ile. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akavua kiatu cha kulia, kisha soksi, akamwonyesha Kamanzi kidonda chini ya kidole gumba, kilichokuwa hakiponi tangu Aprili. Mkewe hakuwa anakijua.

"Huyo muganga wako," aliuliza, "kesho anapokea?"

Kamanzi alikitazama kidonda kile, akamwambia wataondoka pamoja saa moja asubuhi, na kwamba akifika pale asifiche hata unyayo, kwa maana mficha uchi hazai.