Kinu cha Makame

Hapo zamani, mji ulipokuwa bado na mfalme, Bi Mashavu na mumewe Makame walikuwa wakishindika mafuta ya ufuta. Kinu chao Makame alikichonga mwenyewe kwa gogo la mkwaju, na ngamia wao akikizungusha kutwa.

Kulikuwa na tajiri, Shebwana, swahiba wa mfalme. Tajiri akanong'ona, mfalme akaamuru: vinu vyote vivunjwe, ashindike Shebwana peke yake. Mwenye nguvu mpishe. Majirani walinung'unika chini chini, kisha wakaenda kununua mafuta kwa tajiri.

Askari Mbwarali alipofika kwa Makame na shoka, mkono ukamwia mzito. Kinu kizuri vile, akivunje? Akakichukua kizima, pamoja na ngamia, akampelekea tajiri. Makame akaketi pale kinu kilipokuwa, hali wala hanywi. Bi Mashavu akamlisha uji kwa kijiko, akamsihi, akalia. Makame akafa, na mkewe hakujua aupeleke wapi uchungu ule.

Mfalme naye akafa, hakuacha mrithi. Walinzi wakatawanyika, amri zikabaki maneno matupu. Watumishi wa Shebwana wakamkimbia, ngamia akaibwa. Basi tajiri akakisukuma kinu kwa bega lake, akauza kwa bei ya kubembeleza, na mji ukapata mafuta.

Lakini hasira hazikulala. Siku moja watu wakamvamia kwa mashoka, wakivunje kinu. Mbwarali, askari asiye tena na mfalme wala mshahara, akasimama mlangoni peke yake. Wakampiga mpaka damu ikamtoka, hakuondoka, wakachoka wao.

Wakakaa kitako kuamua kinu kiwe cha nani, na hakimu hakuna.

Shebwana akasema, "Kwa mfalme nilikula bure, sikatai. Lakini tangu afe, nakula jasho langu."

Mbwarali akasema, "Nimekiokoa mara mbili. Bila mimi mngekuwa mnagombea kuni."

Bi Mashavu alitazama bega la mmoja lililochubuka, akatazama damu ya mwingine, na moyo ukamuuma kwa wote wawili. Hata hivyo akasema, "Kikizunguka kile, namsikia mume wangu. Nipeni."

Majirani wakamuuliza, mjane kama yeye, hana ngamia wala nguvu, atakizungushaje, na mji utakula nini? Akajibu kwamba hajui.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, mfalme wa kuwaamulia hayupo. Kinu apewe nani?