Zimwi Lililochukia Vigae vya Maji

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na mji!

Mji wa nani?

Wa watu na wanyama wao!

Haya, kaeni vizuri. Wewe Mwandazi, uache huo mkia wa paka, si kamba ya kuchotea maji.

Zamani hizo, zamani ambazo mimi nazitamani mpaka leo, palikuwa na mji ukiitwa Kidundu. Chungu kikivunjika Kidundu hakikutupwa. Kitako chake kiliwekwa mlangoni, kikatiwa maji yaliyooshea mchele. Hicho ndicho kigae cha mlango. Kuku alikunywa hapo, njiwa alikunywa hapo, mbwa wa jirani alikunywa hapo. Ukoko ukikwanguliwa chunguni haukukosa mdomo. Wala hakuna aliyejiona mwema kwa hilo, ilikuwa desturi tu. Hata mimi kwa mama yangu nilikikuta kigae cha mlango, na nikikikumbuka moyo unaniuma.

Katika mji huo aliishi mjane mmoja, Siwema. Marehemu mumewe alimwachia vitu viwili: mtoto mdogo, Pazi, na mbwa aliyeitwa Watasema. Mbwa wa zamani walipewa majina ya mafumbo hivyo, ili wenye midomo wajisikie.

Basi, porini karibu na Kidundu palikuwa na zimwi. Nyayo zake hazikusikika kwa sikio la mtu, ila mnyama alizisikia. Kila liliponyemelea mji, mbwa walibweka, kuku walitetea, punda walilia, nalo likasinyaa kwa kelele hizo, likarudi na njaa yake.

Siku moja, katikati ya kiangazi, zimwi likajigeuza mgeni, maana katika umbo la mtu kelele hazikulisinyaza. Kanzu nyeupe, bakora mkononi, sauti laini. Mbwa wakabweka wee! Watu wakawakemea, "Nyamazeni! Hamwoni huyu ni mgeni?"

Ndio watu wa Kidundu hao. Mgeni kwao hakosei.

Mgeni akakaribishwa jamvini. Akakitazama kisima, akatikisa kichwa. "Maji ni ya watu," akasema. "Mnyama ana miguu, ajitafutie."

Watu wakacheka.

Siku ya pili akasema, "Maji ni ya watu. Mnyama ana miguu, ajitafutie."

Watu wakanyamaza.

Siku ya tatu akasema, "Maji ni ya watu. Mnyama ana miguu, ajitafutie."

Watu wakapindua vigae.

Siwema alisitasita. Alimtazama Watasema, akawatazama majirani. Akaona haya kubaki peke yake. Naye akakipindua.

Basi wanyama wakaondoka. Leo kuku, kesho punda, na Watasema akawa wa mwisho. Mgeni naye akaaga, akaenda zake. Mji ukawa kimya, watu wakafurahi, "Jamani, sasa tutalala!" Maskini.

Alasiri moja Siwema alikuwa uani akitwanga. Zimwi likaingia mlango wa mbele, likamwinua Pazi aliyelala mkekani, likamtia kwenye tenga, likatoka. Hakuna aliyebweka. Hakuna aliyetetea. Hakuna aliyelia.

Siwema akarudi ndani, akakuta mkeka mtupu, na mavumbini nyayo kubwa zenye kucha.

"Uwii! Mwanangu! Nipeni mwanangu!"

Majirani wakafuata nyayo mpaka zilipopotea kwenye mawe, wakakata tamaa, wakarudi. Siwema hakurudi. Kichwani alikuwa na mtungi wa maji, na ukoko kwenye pindo la kanga, amlishe mwanawe akimpata.

Akamkuta njiwa, miguu imefungana kwa uzi.

"Ulipindua kigae, Siwema," njiwa akasema.

"Nilipindua. Nisamehe." Akaukata uzi kwa meno, akamnywesha kiganjani.

"Limepita bondeni," njiwa akasema.

Akamkuta punda, mgongo una kidonda cha kamba.

"Ulipindua kigae, Siwema."

"Nilipindua. Nisamehe." Akakiosha kidonda, akachana kipande cha kanga, akamfunika nzi wasimsumbue.

"Limeingia pangoni, nyuma ya jabali lile," punda akasema.

Chini ya jabali akamkuta Watasema, mbavu zinahesabika.

"Ulipindua kigae, Siwema."

Hapo Siwema alipiga magoti. Alilia tu. Akammiminia maji yote yaliyobaki, akamwekea ukoko wote, ule wa Pazi. Watasema akala, akanywa, akasimama. Hakusema tena neno.

Pangoni zimwi lilikuwa limeinjika chungu, linaimba, "Maji ni ya watu, na watu ni wangu!" Pazi yumo tengani, analia.

Watasema akabweka. Hu! Zimwi likasinyaa likawa kimo cha mtu. Punda aliyewafuata akalia. Likasinyaa likawa kimo cha mbuzi. Njiwa akalia juu ya jabali. Likasinyaa likawa kama panya, likajitumbukiza kwenye ufa wa mwamba, na huko liko mpaka leo linawasikiliza watu wachoyo.

Siwema akamnyakua mwanawe, akambana kifuani, akacheka na kulia pamoja.

Watu wa Kidundu wakaviinua vigae, wakavitia maji tena. Kuku wakarudi, punda wakarudi. Watasema akarudi pia, lakini nusu. Kabla ya mambo yale alikuwa akilala mlangoni, miguuni pa Siwema. Sasa alilala mpakani mwa uwanja. Kila jioni Siwema alimwita, "Watasema, njoo baba, njoo nyumbani." Mbwa alimtazama tu. Maji aliyanywa Siwema akishageuka. Usiku alibweka, akamlinda mtoto mpaka akakua, lakini kizingiti kile hakukisogelea tena.

Ngano yangu nimeitua hapo. Aliyeipenda aichukue, aliyelala mwamsheni.

Na mjue hili, wajukuu zangu: kumsaidia mnyama hakutaki utajiri. Maji ya mchele, ukoko, kitambaa kikuukuu, kila nyumba inavyo. Mnyama husamehe, lakini hasahau.