Kwaya ya Mto Mkavu

Paukwa!

(Pakawa!)

Hiyo ndiyo pakawa? Mmeitikia kama watu waliolazwa. Haya, na mimi naomba radhi mapema: hadithi hii nitaiharibu. Bibi yangu aliijua vizuri, mimi nilikuwa nasinzia katikati. Sasa hivi meno ya mbele yana pengo, maneno mengine yatatokea pembeni. Lakini sogeeni. Kaeni kwenye mchanga huu, ni laini, hauumizi makalio. Mimi nitakaa hapa juu ya jiwe, mgongo wangu hautaki unyevu. Kunanguruma huko milimani, achaneni nako. Muda upo. Tena, kwa nguvu: paukwa!

(Pakawa!)

Naam! Zamani ile ambayo hata babu zetu waliisikia kwa kusimuliwa, palikuwa na ukame. Jua kali. Majani hakuna. Wanyama wakahamia katika mto mkavu. Ukichimba mchanga kidogo, maji. Ukiulalia, godoro. Wakakaa. Wakazaa. Mama Digidigi akamzaa Chipwi humo humo, mtoto mwenye miguu kama njiti za kiberiti. Amesimama, ameanguka. Amesimama, ameanguka. Puu!

Asubuhi moja akaja Punda, mbio. Puku-puku-puku! Alikuwa ameenda mlimani kutafuta majani, na huko Mungu akasema naye. Karudi jasho linamtoka mpaka masikioni.

"Sikieni!" akasema. "Mungu amesema: Tokeni mtoni. Pandeni ukingoni. Leo, kabla jua halijapita utosini."

Kila mnyama akatetemeka. Ngiri akatetemeka mpaka mkia ukasimama, twii!

"Hilo ni Neno la Mungu," akasema Ngiri.

"La Mungu kabisa," wakasema wote.

"Zuri," akasema Kanga. "Zuri mno. Linafaa kuimbwa."

Kanga ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya. Akapiga mabawa, pa-pa! "Digidigi, sauti ya kwanza. Ngiri, besi. Tuliweke Neno moyoni kwanza, kisha tutatoka nalo. Tutoke hovyo hovyo, kwani tunafukuzwa?"

Wakaimba:

*Tokeni, tokeni mtoni,*
*Tokeni, amesema Bwana!*

Na Ngiri huko chini: *Mtoni, mtoni, mtoniii!*

Jamani, waliimba! Mchanga wenyewe ulisisimka. Punda akabaki mdomo wazi.

"Ndugu zangu, mbona hamtoki?"

"Huoni tunalitukuza Neno?" akasema Kanga.

"Hakusema tuliimbe. Amesema tutoke."

"Punda bwana!" akasema Ngiri. "Sauti huna, ndiyo maana una haraka." Wakacheka, kwa-kwa-kwa!

Huko mbali, mlimani: ngu-ru-ru.

Masikio ya Mama Digidigi yakasimama. "Mwalimu, umesikia?"

"Nimesikia. Umeshuka sauti. Tena!"

*Tokeni, tokeni mtoni...*

Ngu-ru-ru-ru.

"Mwalimu, nakuomba, nimpandishe mwanangu tu, halafu nirudi."

"Ukitoka wewe, kwaya imekufa! Tazama juu. Wingu liko wapi? Muda upo, mama. Muda tele."

Mama Digidigi akatazama juu. Kweupe. Akatazama ukingo. Mrefu! Akamtazama Chipwi. Amesimama, ameanguka. Puu! Moyo wake, du-du-du. Midomo inaimba tokeni, miguu imezama mchangani. Jua linapanda. Jua linakaribia utosini. Akamtazama Kanga, na hapo akaona jambo ambalo wenzake hawakuliona. Mabawa. Huyu anayesema muda upo, ana mabawa.

Akanyamaza katikati ya wimbo.

"Chipwi, twende."

Akamsukuma kwa pua. Amesimama, ameanguka. Wakaparamia ukingo. Mchanga poro-poro-poro, wakarudi chini. Wakaparamia tena. Poro-poro-poro.

"Mwasi huyo!" akapiga kelele Kanga. "Analiacha Neno la Mungu katikati ya ubeti!"

Mama Digidigi machozi yakamtoka. Kuitwa mwasi, tena mbele ya watu! Lakini hakugeuka. Punda akaja kwa nyuma, akaweka kichwa chake chini ya Chipwi. "Sukuma, mama! Sukuma!"

Kule chini, kwato za Ngiri zikalowa.

"Mwalimu, pana maji."

"Ubeti wa mwisho, Ngiri! Besi!"

Vuuuuu!

Mto ukaja umesimama kama ukuta, na magogo, na mawe, na matope. Kanga, purrr! mpaka ukingoni. Ngiri alisikika bado yumo, *mtoni, mtoni, mto...* Halafu hakusikika tena.

Juu ya ukingo Punda alikuwa anahema, na Chipwi alikuwa amelowa mpaka magotini. Mama yake akamlamba, akamlamba, akamlamba. Kando yao Kanga alitua, manyoya makavu kabisa, hana wa kumwimbisha. Akasema kwa sauti ndogo, "Lakini waliimba vizuri."

Mama Digidigi akaendelea kumlamba Chipwi.

Sasa fundisho, nalisema wazi ili msije mkanisingizia. Tangu Torati mpaka kwa manabii, Mungu alipowaambia watu wake "Sikia", alitaka masikio na miguu pamoja. Neno lake likikaririwa, likaimbwa, likapigiwa makofi, kisha mguu usiondoke, hilo bado halijasikiwa.

Hadithi yangu imepanda ukingoni, nami naiacha hapo.

Mbona mnanitazama hivyo? Unasemaje, Mama Sikudhani? Eti mchanga huu mliokalia ni wa wapi? Wa mto, ndiyo. Nani kawakalisha humo? Mimi. Nani kasema muda upo? Mimi. Na nani yuko peke yake hapa juu ya jiwe, makalio makavu?

Inukeni, jamani! Nitawaomba radhi huko huko juu!